Vikuku vya Ujiji na Shaba Iliyotoka Mbali

Leo twataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo kiwezacho kufichwa ndani ya kiganja, nacho ni kikuku cha shaba.

Mtu akienda sokoni Ujiji, au akisimama gatini Kigoma meli inaposhusha abiria, ataviona vikuku hivyo mikononi mwa wazee na vijana. Ni duara tu la madini. Halina kito wala maandishi, na bei yake si kubwa. Watu wengi hukitazama mara moja wakaenda zao. Nasi tulikuwa kama wao, hata siku moja mwanafunzi wetu mmoja wa chuo cha ualimu alipokuja darasani amevaa kikuku kipya kinachong'aa. Tulimwuliza, "Nani aliyekufulia?" Akajibu kwa furaha, "Nimekifua mwenyewe, Mwalimu." Tukakishika, tukakigeuza, tukaona kazi yake ni njema: nyaya tatu zimesokotwa pamoja, na ncha zake zimepigwa nyundo mpaka zikawa laini. Tukamsifu mbele ya wenzake. Kisha tukamwuliza, "Na shaba yenyewe uliipata wapi?" Kijana akainamisha kichwa, asijibu neno.

Kimya kile kilitukaa moyoni. Tulitaka kumkemea, kwa maana tulikwisha kulidhani jibu lake. Lakini tukaona ni afadhali kwanza tujiulize sisi wenyewe swali lile lile, si juu ya kikuku kimoja tu, bali juu ya vikuku vyote vya pwani hii ya Ziwa Tanganyika. Shaba yake ilitoka wapi kabla haijawa pambo? Habari tulizozikusanya ndizo tunazowasimulia leo.

Lazima kwanza tuyatenge madini mawili. Chuma kilikuwa mali ya nyumbani. Upande wa kusini wa ziwa, katika nchi ya Ufipa, wahunzi walijenga tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, wakayeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe, mashoka na mikuki. Na kazi hiyo iliendelea mpaka karne ya 20. Shaba haikuwa hivyo. Watu wa Ujiji na wa Buha hawakuwa na machimbo ya shaba ya kutegemea. Shaba waliyoivaa ililetwa kutoka mbali, ama kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya magharibi, ama kwa mabega ya wapagazi kutoka baharini. Kwa hiyo shaba ilikuwa mgeni, na mkono wa fundi ndio uliokuwa mwenyeji. Wazee wetu husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na kwa habari ya shaba methali hii ilitimia kwa muda mrefu.

Tuanze na njia ya magharibi. Ng'ambo ya ziwa, mwendo wa siku nyingi kuelekea kusini-magharibi, iko nchi ya Katanga, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko shaba imechimbwa tangu zamani sana. Mwaka 1957 wataalamu wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wakakuta watu waliozikwa pamoja na mapambo ya shaba. Na baadhi ya watu hao waliishi yapata miaka 1000 iliyopita. Baadaye shaba ya nchi hiyo ilisubiwa katika umbo la msalaba, nayo misalaba hiyo ikatumika kama fedha. Katikati ya karne ya 19 Mnyamwezi mmoja aitwaye Msiri alikwenda huko kufanya biashara, akapata nguvu, akawa mfalme, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya, mpaka alipouawa mwaka 1891. Watu wake, walioitwa Wayeke, walisifiwa kwa ufundi wa kufua shaba na kuivuta iwe waya.

Njia ya pili ilianza baharini. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, kisha ikavuka Mto Malagarasi na kuteremka Ujiji. Safari hiyo ilikula miezi. Waingereza Burton na Speke waliondoka Unguja mwezi wa Juni 1857, nao hawakufika Ujiji ila mwezi wa Februari 1858. Burton aliandika habari za watu aliowakuta: wamevaa vikuku vya waya wa shaba na wa chuma mikononi na miguuni, na shanga shingoni, na vipande vya jino la kiboko vilivyochongwa mfano wa mwezi mchanga. Basi twajua kwa hakika kwamba kabla Mzungu yeyote hajaandika neno moja juu ya Ujiji, kazi ya kuufanya waya kuwa pambo ilikuwako tayari.

Mtasema, "Waya tu, una thamani gani?" Sikilizeni. Stanley alipokuwa akijitayarisha mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alinunua Unguja frasila 10 za waya wa shaba, yaani ratili 350, karibu kilo 159. Hakuununua kwa kazi yake mwenyewe, bali ili awe na cha kulipia chakula na ruhusa ya kupita. Aliarifiwa kwamba katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu. Waya mnene wa namna hiyo waliuita masango, nao ulichukuliwa kwa mafundo makubwa yaliyoviringwa. Mpagazi aliyebeba mzigo huo alijua ya kuwa amebeba mali kweli kweli.

Sasa tutazame kiwanda cha mhunzi, maana hapo ndipo mgeni alipopata kuwa mwenyeji. Waya mnene uliwekwa motoni mpaka ukawa mwekundu. Hapa pana siri ambayo kila fundi aijua: shaba ikipigwa nyundo ikiwa baridi huwa ngumu, na ikizidi kupigwa hupasuka; lakini ikitiwa motoni na kuachwa ipoe hurudi kuwa laini, hata mtu aweza kuipinda kwa mikono. Fundi aliyeisahau siri hiyo alipoteza mali yake. Waya ukiisha kulainika uliviringwa juu ya mti mviringo, duara juu ya duara, mpaka ukawa kama chemchemi ndefu ya madini ya kuvaliwa tangu kifundo cha mkono na kupanda juu. Pambo hilo liliitwa kitindi, na lilijulikana toka bara hata pwani.

Kazi ya pili ilihitaji subira kubwa zaidi, nayo ni kuvuta waya mwembamba. Kifaa chake ni chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu ya ukubwa mbali mbali. Fundi alichonga ncha ya waya, akaipaka mafuta, akaipitisha katika tundu kubwa, akaishika kwa koleo na kuivuta kwa nguvu zake zote. Kisha aliupitisha waya katika tundu dogo zaidi, tena na tena, akiulainisha motoni kila unapokuwa mgumu, mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Waya huo mwembamba uitwao udodi ulizungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama au juu ya nyuzi za mti, ukawa kikuku chepesi kisichochubua ngozi. Vikuku vya udodi vilivaliwa vingi pamoja katika kifundo cha mguu, na mwanamke akitembea vililia polepole.

Wanafunzi huuliza kwa nini wahunzi waliipenda shaba kwa mapambo, na chuma wakakiweka kwa majembe. Jibu moja liko katika joto. Shaba nyekundu huyeyuka kwa joto la nyuzi 1085 za Selsiasi, na shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki, huyeyuka kwa nyuzi 900 na kitu. Makaa mazuri yakipulizwa kwa mivukuto yaweza kufika hapo. Lakini chuma kisichochanganywa hakiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1538. Ndiyo maana wahunzi wetu walikilainisha na kukifua, hawakukimimina kama maji. Kwa hiyo kikuku cha shaba kikikatika hakikutupwa. Kiliyeyushwa pamoja na vipande vingine, kikawa kikuku kingine. Mama alimrithisha binti yake, na binti akiona mtindo umepitwa na wakati alimpelekea mhunzi. Shaba haifi, hubadili umbo tu. Yawezekana kabisa kwamba katika kikuku kimoja cha Ujiji mlikutana shaba ya Katanga na shaba ya Ulaya, wala hakuna jicho liwezalo kuzitenga.

Mpaka hapa habari ni za kupendeza. Lakini mwalimu wa historia akisimulia yanayopendeza tu, anawadanganya wanafunzi wake. Waya, nguo na ushanga vilinunua chakula cha safari, vililipa hongo kwa watawala wa njiani, vilinunua pembe za ndovu. Tena vilinunua watu. Ujiji ilikuwa mlango wa biashara hiyo. Mateka kutoka Manyema walivushwa ziwa kwa mitumbwi na majahazi, wakaanza safari ndefu ya kwenda pwani, na wengi hawakuimaliza. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, siku ya soko. Mbele ya macho yake watu wa wafanya biashara waliwapiga bunduki watu waliokuja kuuza samaki na vyungu, wengi wao wanawake, wakafa mamia kwa risasi na kwa maji. Alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba mwaka ule, mgonjwa na mwenye huzuni, na hapo ndipo Stanley alipomkuta. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini katika ziwa letu biashara hiyo iliendelea kwa miaka kadha baadaye.

Basi shaba iliyompamba bibi arusi na mnyororo uliomfunga mateka vilipita njia moja. Hatusemi kwamba kila aliyevaa kitindi alikuwa na hatia. Mwanamke aliyebadilisha kapu la mahindi kwa kipande cha waya alikuwa na haki ya kufurahia pambo lake. Twasema hivi tu: mgeni akifika nyumbani amejipamba, mwenyeji mwema humkaribisha, kisha humwuliza atokako. Katika siku zile wengi hawakuuliza, na wengine walijua wakanyamaza.

Serikali za kikoloni zilipoingia, waya ulikuja kwa namna nyingine: haukuja tena kwa mabega ya wapagazi, bali ulitundikwa juu ya nguzo. Kampuni ya simu ya Cecil Rhodes ilijenga njia ya simu ya maandishi kutoka kusini, ikikusudia kufika Misri. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilifika Ujiji, na haikuendelea zaidi. Fikirini jinsi jambo hilo lilivyowaonekea watu. Kitu kilichohesabiwa kama dhahabu na baba zao sasa kinaning'inia porini, maili kwa maili, bila mlinzi.

Yaliyotokea katika nchi nyingine ya Afrika Mashariki yanajulikana sana. Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa tangu mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na njia yake ilipita kando ya nchi ya Wanandi. Wanandi walikata waya wa simu wakafanya mapambo, wakachukua na vyuma vya reli wakafua silaha. Waingereza waliita jambo hilo wizi. Lakini Wanandi walikuwa wakipigana na wageni hao tangu mwaka 1895, na hakuna aliyewaomba ruhusa ya kusimika nguzo katika ardhi yao. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na baadaye watu wake wakahamishwa kutoka sehemu ya nchi yao. Kikuku kimoja, basi, chaweza kuitwa wizi na mtu huyu, na mtu yule akakiita ushindi. Mwenye kuhukumu lazima kwanza aulize waya ulimfaa nani na ardhi ilikuwa ya nani. Swali hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Mwezi wa Februari 1914 reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, mwendo wa karibu kilomita 1,250. Msafara uliokula miezi ukawa safari ya siku chache. Pamoja na reli vikaja vyuma vya kila namna: misumari, mabati, mabomba, na vipande vilivyobaki katika karakana. Kisha, kabla mwaka haujaisha, vikaja vita.

Vita vile vilitufundisha kwamba hata mataifa yenye viwanda vikubwa huokota chakavu yakibanwa na shida. Mwaka 1916, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walikosa sarafu za kuwalipa askari na watu wao. Wakaitumia karakana ya reli ya Tabora kupiga sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba waliyoipata, na sehemu yake ilitoka katika maganda ya risasi za mizinga. Wakapiga na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Na aliyeichonga mihuri yake alikuwa sonara aliyetoka Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani waya ulikuwa fedha, ukafanywa pambo. Sasa ganda la mzinga likafanywa fedha, kwa mikono ya fundi wa mapambo.

Sarafu nazo zilipata kugeuka mapambo. Huko pwani na Oman masonara waliyeyusha reale za Maria Theresa, zilizopigwa kwa tarehe ya mwaka 1780, wakafua vikuku na mikufu ya fedha. Tena heller za Wajerumani na senti za Afrika Mashariki zilizofuata baada ya vita, nyingine zilipigwa zikiwa na tundu katikati ili zitungwe katika uzi. Kitu chenye tundu na uzi hakikai mbali na shingo ya mtoto.

Lakini chakavu kikubwa kuliko vyote katika ziwa letu ni meli. Meli ya Wajerumani iitwayo Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916, adui walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Lakini mafundi wake waliipenda kazi ya mikono yao: kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito, ili maji yasiile. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Imewachukua wakimbizi, wafanya biashara na maharusi kwa miaka mingi. Mhunzi wa Ujiji aokotaye kipande cha bomba akakifanya kikuku, na wale walioinua meli kutoka chini ya ziwa, kazi yao ni moja: wote walikataa kuamini kwamba kilichotupwa kimekufa.

Leo mambo yamekuwaje? Masango hayaletwi tena na misafara, wala kitindi hakivaliwi na bibi arusi kama zamani. Lakini vyuma chakavu viko kila mahali. Kijana mwenye nyundo, tupa na jiko la makaa hufanya pete kwa mpini wa kijiko, kikuku kwa waya wa umeme uliokwisha kutupwa, na hereni kwa bati la kopo. Twawapa vijana hao shauri la kiualimu. Msiyeyushe shaba ya manjano ndani ya nyumba, kwa maana zinki yake hutoa moshi mweupe uletao homa. Msichome waya pamoja na plastiki yake. Ichuneni kwa kisu. Msitumie risasi ya betri kuungia pambo, maana risasi ni sumu, na mtoto hutia kikuku mdomoni. Wala msimwambie mnunuzi kwamba kikuku cha shaba huponya baridi yabisi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 70, ukachapishwa mwaka 2013, haukuona kwamba vikuku hivyo vinaponya. Semeni kwamba ni kizuri, hiyo yatosha.

Sasa tumrudie mwanafunzi wetu. Tulipokwisha kuwasimulia wanafunzi habari hizi zote, kwa majuma kadha, alikuja nyumbani kwetu jioni, akabisha hodi, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, ule waya niliuziwa na kijana mmoja kwa bei ndogo. Nilijua." Tukamwuliza, "Ulijua nini?" Akasema, "Ulikatwa kwenye pampu ya maji ya kijiji." Kijiji chenyewe hatutakitaja. Pampu ile ilikuwa imenyamaza kwa miezi, na wanawake wa kijiji walikuwa wamerudia njia ya mama zao, kuteremka ziwani na ndoo alfajiri na kupanda mlima nazo vichwani.

Hapo tulikumbuka habari za Wanandi, na yeye alizikumbuka pia, maana aliuliza, "Je, wao hawakufanya kama mimi?" Ni swali la haki, nasi tulimjibu hivi. Mnandi alikata waya wa mgeni aliyemwingilia katika ardhi yake bila ruhusa, naye alijua kwamba atalipa kwa damu. Lakini pampu ya kijiji ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mama yako na ya mama yangu. Aliyekata waya ule hakumpiga mtawala. Alimpiga mwanamke mwenye ndoo. Na anunuaye anajua, amemshikia mkataji kisu.

Kijana alilia. Kisha akakivua kikuku, akakiweka juu ya meza. Waya uliosokotwa na kupigwa nyundo haurudi kuwa waya wa pampu. Hata tungetaka, isingewezekana. Lakini alikwenda pamoja nasi kwa mwenyekiti wa kijiji kile, akaeleza aliyoyafanya kwa kinywa chake mwenyewe, akatoa fedha zake za matumizi kidogo kidogo mpaka muhula ukaisha, zichangiwe waya mpya. Wazee wa kijiji walimpokea kwa ukali kwanza, kisha kwa upole. Mzee mmoja alimwambia, "Mwanangu, mkono wako una kazi. Usiupe kazi ya mwizi." Tangu siku ile huokota chakavu kwa idhini, huandika katika daftari kila kipande na mahali kilipotoka, naye huwafundisha wenzake kufua vikuku siku za Jumamosi.

Nasi tumeandika habari hizi kwa sababu kazi hii yaweza kupotea kwa njia mbili. Yaweza kupotea kwa dharau, vijana wakidhani kwamba pambo la kweli ni lile la dukani tu, na jina la chamburo likasahauliwa. Tena yaweza kupotea kwa aibu, watu wakimtazama kila mfua shaba kama mla njama wa wezi. Dawa ya dharau ni kujifunza. Basi ninyi wanafunzi, nendeni kwa wazee wa Ujiji, wa Buha na wa Ufipa, mkaulize majina ya zana na namna ya kuzitumia, mkayaandike. Dawa ya aibu ni lile swali fupi tulilomwuliza mwanafunzi wetu, na ambalo misafara ya zamani haikupenda kuulizwa: umeipata wapi?

Kikuku chake tunacho bado ndani ya mtoto wa meza yetu. Hatukivai, wala hatukukitupa. Kila mwaka, wanafunzi wapya wafikapo, twakitoa tukakipitisha mkono kwa mkono, nao hukisifu kwa uzuri wake. Kisha twawaambia kimetoka wapi.